Bima ya afya ya nyongeza kwa mstaafu: mwongozo kamili kwa walioko Moshi na Arusha

Kila Januari, watoto wakisharudi Dar es Salaam baada ya Krismasi, napata simu zinazofanana. Mzazi alikatiwa kadi ya pili ya bima wakati familia nzima imekutana nyumbani, ada ya mwaka ikalipwa yote, na siku ya kwanza anaipeleka dirishani anaambiwa alichokifuata hakimo. Au kimo, lakini ni kilekile ambacho kadi yake ya zamani ingekilipa bila yeye kutoa senti.

Wengi wanakosea mahali pamoja. Wanaanza na kipeperushi cha kampuni, wakati walipaswa kuanza na risiti zao wenyewe. Bima ya nyongeza inanunuliwa ili kuziba pengo, na kipeperushi hakijui pengo lako liko wapi.

Nimeandika kwa ajili ya mstaafu ambaye tayari ana kadi ya kwanza, iwe ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) au ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii), na kwa mtoto anayetaka kumsaidia mzazi. Tenga siku mbili: moja ya kukaa mezani, moja ya kuzunguka mjini.

## Weka haya mezani kwanza

- Kadi ya bima uliyonayo sasa, ya kwako na ya mwenza wako.
- Barua ya kustaafu na namba za NIDA za wote wawili.
- Cheti cha ndoa. Bila hicho mwenza anakwama mapema kuliko unavyodhani.
- Risiti zote za matibabu za miezi 12 iliyopita: dawa, vipimo, miwani, meno, hata gari la kukodi kwenda hospitali.
- Vidonge vyenyewe, pamoja na maboksi yake. Usitegemee kukumbuka majina.
- Vyeti vya hospitali: karatasi za kuruhusiwa ulipolazwa, majibu ya vipimo, daftari la kliniki.
- Daftari jipya na kalamu.

Kama risiti ulitupa, usikate tamaa. Fungua miamala ya simu ya mwaka mzima, utaona malipo ya famasi na hospitali. Yaliyobaki muulize mtoto aliyekuwa akilipa.

## Hatua ya 1: Hakikisha kadi ya kwanza iko hai, na ujue ni ya aina gani

Kadi ya nyongeza inakaa juu ya kadi ya kwanza. Kama ya chini imekufa, ya juu itabebeshwa kila kitu na itaisha katikati ya mwaka.

Kama ulikuwa mwanachama wa NHIF kazini. Ulipokuwa kazini, asilimia 6 ya mshahara ilikwenda kwenye Mfuko, nusu kutoka kwako na nusu kutoka kwa mwajiri. Mstaafu anayekidhi masharti ya Mfuko huendelea kutibiwa, yeye na mwenza wake, bila kukatwa tena. Watoto na wazazi uliokuwa umewaandikisha hutoka. Wastaafu wengi huishika kadi ya kazini wakidhani itageuka yenyewe kuwa ya mstaafu. Usisubiri. Nenda ofisi ya NHIF ya mkoa ukiwa na barua ya kustaafu na cheti cha ndoa, uulize maneno haya: "Mimi na mwenza wangu tunasomeka kama wastaafu kwenye mfumo?" Subiri afisa aangalie kwenye kompyuta, usitosheke na kuambiwa "haina shida".

Kama una CHF iliyoboreshwa. Hii kwa mikoa yetu ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, ikitumika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Moshi hiyo ni Mawenzi, kwa Arusha ni Mount Meru. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, ni ngazi nyingine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeleta utaratibu mpya wa vitita, yaani orodha za huduma ambazo bima inalipia, cha msingi na vya ziada, kwa hiyo kabla ya kulipa tena pita kwa afisa wa bima wa halmashauri uulize kaya yako iko kwenye utaratibu upi.

Kama huna kadi yoyote. Usinunue nyongeza. Tafuta ya msingi kwanza, na kama una miaka 60 au zaidi na huna uwezo, ulizia kitambulisho cha matibabu bila malipo cha wazee kupitia ofisi ya kijiji au mtaa. Kinatumika kwenye vituo vya serikali. Hospitali za mashirika ya dini zina utaratibu wao, anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali husika.

*Utajua umefaulu* ukitoka ofisini umeandika kwenye daftari jina la mpango, waliomo, tarehe ya mwisho kama ipo, na ngazi ya juu kabisa ya hospitali unayoruhusiwa.

## Hatua ya 2: Andika pengo lako kutoka kwenye risiti

Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayookoa fedha kuliko zote. Ngoja nikae hapa kidogo.

Chora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza: nililipia nini. Ya pili: kiasi gani. Ya tatu: kwa nini kadi haikulipa. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, kwa sababu "kadi haikulipa" ina sababu nyingi na kila moja ina dawa yake.

Mwaka jana nilikaa na mwalimu mstaafu kutoka Kibosho. Alikuja na kopo la Blue Band limejaa risiti zilizokunjwa mara nne nne. Mwanawe alikuwa amepewa bei ya bima ya nyongeza: shilingi 1,150,000 kwa mwaka, kulazwa na matibabu ya nje, yaani yale ya kutibiwa na kurudi nyumbani. Tukamwaga kopo mezani, tukaanza kunyoosha karatasi moja moja.

"Shikamoo Mwalimu, hii ya 18,000 ni ya nini?"

"Marahaba. Hiyo ni dawa ya presha. Kila mwezi nanunua, hospitalini wananiambia imeisha."

Zilikuwa 12, za 18,000 kila moja. Hiyo ni 216,000. Ikafuata miwani, 85,000. Kisha mara tatu za kumwona daktari kwenye kliniki binafsi kwa 40,000, jumla 120,000, kwa sababu foleni ilimchosha magoti. Ukijumlisha yote: 421,000.

Nikamuuliza kama aliwahi kupewa fomu ya dawa pale dawa ilipokosekana. Hakuwahi kuiomba. Mwanachama wa NHIF anayekosa dawa iliyomo kwenye orodha ya Mfuko huandikiwa fomu, wengi wanaiita 2C, aende kuichukua kwenye famasi yenye mkataba. Tulirudi naye hospitali mwezi uliofuata, akaomba, akaandikiwa, akachukua dawa mjini bila kulipa. Nusu ya pengo lake ikazibika pale pale, kabla hata hajazungumza na wakala yeyote.

Kwa hiyo kila mstari wa daftari lako uupe moja ya sababu hizi:

1. Kimo kwenye kadi ila sikukidai. Kama dawa ya Mwalimu. Dawa yake ni kuuliza, wala si kununua bima.
2. Nilikosea njia. Kwa mfano ulikwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya kanda bila barua ya rufaa, na haikuwa dharura. Kadi ya nyongeza inaweza kukubana vilevile.
3. Kituo hakipokei kadi yangu. Hili ni pengo la kweli. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya na bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea kadi zake, na wagonjwa waliokuwa katikati ya matibabu walilazimika kulipa mfukoni au kuhama.
4. Hakimo kabisa kwenye kitita. Pengo la kweli pia. Andika jina la huduma kama lilivyo kwenye risiti.
5. Kimo, lakini nilitaka haraka au chumba cha peke yangu. Hii ni haki yako, usione aibu kuiandika. Ila jua unanunua nafasi na muda.

*Tahadhari:* usichanganye risiti za mume na mke. Kampuni hupanga ada kwa umri na afya ya kila mtu, na mara nyingi pengo liko kwa mmoja tu.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Mwaka jana tulitoa kiasi hiki mfukoni, na kati ya hicho, kiasi hiki ni pengo la kweli."

## Hatua ya 3: Tenga gharama unayoijua na pigo usilolijua

Dawa ya 18,000 kila mwezi unaijua. Itakuja Machi, itakuja Aprili. Kampuni nayo ikishaijua itaiweka ndani ya ada pamoja na gharama zake za ofisi. Kwa gharama ya namna hiyo, kwa maoni yangu, bima ya nyongeza ni njia ghali ya kununua dawa. Fungua akaunti ya pembeni au kibubu cha simu, weka kiasi hicho siku pensheni inapoingia, na usikiguse.

Pigo ni kitu kingine. Kuvunjika nyonga bafuni. Kiharusi usiku wa manane. Tezi dume kuziba mkojo. Kulazwa chumba cha uangalizi maalumu siku tisa. Haya hayana mwezi wala bei, na ndiyo yanayouza shamba la kihamba. Bima imetengenezwa kwa ajili ya haya.

Kwa hiyo kwa wastaafu wengi ninaokaa nao, ushauri wangu ni huu: kama fedha haitoshi vyote, chukua nyongeza ya kulazwa pekee, yenye kikomo kikubwa, na uachane na matibabu ya nje. Mawakala husukuma kifurushi chenye matibabu ya nje kwa sababu mtu anakiona kikifanya kazi kila mwezi. Lakini hesabu: kama sehemu ya matibabu ya nje inaongeza 600,000 kwenye ada na kikomo chake ni 600,000, umebadilishana noti kwa noti, na usipoumwa umepoteza.

Kuna aina ya tatu ambayo wengi hawaiulizii: bima inayokulipa fedha taslimu kwa kila usiku uliolazwa. Hailipi hospitali. Inakupa wewe kiasi kilichokubaliwa, ukalipie chakula cha anayekuuguza, nauli, na siku ambazo binti yako hakufungua duka. Ada yake huwa ndogo. Kwa mtu ambaye NHIF inamlipia kitanda vizuri, hii peke yake inaweza kutosha.

Mwalimu wa Kibosho aliishia hapo: fomu ya dawa kwa ajili ya presha, kibubu cha 20,000 kwa mwezi kwa ajili ya miwani na kliniki, na nyongeza ya kulazwa tu. Mwanawe alilipa chini ya nusu ya alichokuwa ameandaa.

## Hatua ya 4: Chagua hospitali kabla ya kuchagua kampuni

Simama kwenye kibaraza chako ujiulize: nikianguka saa nane usiku, gari litanipeleka wapi? Jibu la mtu wa Marangu si jibu la mtu wa Njiro.

Andika hospitali tatu. Ya karibu kwa dharura. Ya ugonjwa wako wa kudumu, kwa wengi upande wa Moshi ni KCMC, ambayo tangu 1971 ndiyo inayobeba wagonjwa wazito wa kanda hii. Na ya mbali unakoweza kupelekwa: moyo kwenye Taasisi ya Jakaya Kikwete, saratani Ocean Road, mifupa na ubongo MOI, zote Dar es Salaam. Walioko Arusha wengi wataandika ALMC (hospitali ya Kilutheri ya Arusha) au Mount Meru kwenye nafasi ya kwanza na KCMC kwenye ya pili, umbali wa kilomita kama 80.

Sasa nenda mwenyewe kwenye dirisha la bima la hospitali mbili za kwanza. Usipige simu kwa kampuni, nenda dirishani. Nenda saa nane mchana siku ya katikati ya wiki, msongamano ukiwa umepungua, na uulize:

- Mnapokea kadi za kampuni zipi leo hii?
- Kuna kampuni mliyoisimamisha mwaka huu kwa kuchelewa kulipa?
- Mgonjwa mwenye NHIF na kadi ya kampuni binafsi, mnaweza kugawa bili, au inatumika kadi moja tu kwa ziara moja?

Swali la pili ndilo la dhahabu. Mhudumu wa dirisha anajua kampuni gani inajibu ombi la idhini ya matibabu kwa dakika 20 na ipi inamwacha mgonjwa kwenye benchi hadi jioni. Majina yanayotajwa sana, kama Jubilee, Strategis na Assemble (zamani AAR), yana vifurushi tofauti ndani yake, na kifurushi cha chini huenda hakiingii kwenye hospitali ambayo cha juu kinaingia. Kwa hiyo taja kampuni na kifurushi.

Swali la tatu linaamua kama unanunua nyongeza au unanunua kadi ya pili tu. Kama hospitali haigawi bili, uliza kampuni kama itakurudishia salio ukileta risiti. Gharama moja hailipwi mara mbili: kadi ya pili inalipa kilichobaki, haikupi faida.

*Utajua umefaulu* ukiwa na orodha ya kampuni zisizozidi tatu ambazo hospitali zako zote mbili zinazipokea bila kusitasita.

## Hatua ya 5: Omba jedwali la mafao, usikubali kipeperushi

Kwa kila kampuni iliyobaki, omba vitu viwili: jedwali la mafao na masharti ya mkataba. Wakala akisema "hiyo utapewa ukishalipa", mshukuru, ondoka.

Soma ukiwa na kalamu. Tafuta yafuatayo, kwa mpangilio huu, kwa sababu la kwanza likishindikana hayana haja yaliyobaki.

Umri wa kuingia na umri wa kutoka. Kampuni nyingi zina ukomo wa umri wa kumpokea mtu mpya, na nyingine humtaka mzee apime afya kwanza. Kuna pia mikataba inayokoma mtu akifika umri fulani hata kama amelipa miaka yote. Uliza yote mawili. Na kama unasoma hili ukiwa na miaka 58 na kustaafu kwa lazima ni 60, anza sasa. Mlango unaoingilia leo kirahisi unaweza kuwa umefungwa baada ya miaka miwili.

Magonjwa uliyokuwa nayo kabla. Presha, sukari, tezi dume, mtoto wa jicho, magoti. Mkataba unaweza kuyakataa kabisa, kuyaweka kando mwaka mmoja au zaidi, au kuyawekea kikomo kidogo cha peke yake. Haya ndiyo yatakayokupeleka hospitali. Kama yote yamekataliwa, bima hiyo inamfaa mtu mwingine.

Muda wa kusubiri. Ajali kwa kawaida hulipwa tangu mwanzo. Ugonjwa wa kawaida una siku kadhaa, upasuaji una miezi, na magonjwa mazito zaidi ya hapo. Andika tarehe halisi kwenye daftari: "Upasuaji wa jicho, kuanzia tarehe fulani."

Vikomo vidogo ndani ya kikomo kikubwa. Juu ya ukurasa utaona milioni 20 kwa herufi nene. Shuka chini. Utakuta upasuaji wa macho 800,000, chumba kwa siku 100,000, magonjwa ya kudumu milioni 2. Namba ya chini ndiyo yako. Angalia pia kama kikomo ni cha kila mtu au mnagawana wewe na mwenza.

Uchangiaji. Je, kuna asilimia au kiasi unachotoa kila ziara?

Gari la wagonjwa. Kutoka Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Uliza kama gari la wagonjwa kati ya hospitali limo, na nani anatoa idhini usiku.

*Tahadhari:* ukipewa jibu zuri kwa mdomo, mwombe wakala aliandike kwenye ujumbe wa WhatsApp au barua pepe, na yeye mwenyewe ataje kifungu. Asipokiona kifungu, jibu hilo halipo.

## Hatua ya 6: Amueni nani atalipa mwaka wa tatu

Fanyeni hili kabla ya kulipa mwaka wa kwanza, na lifanyeni mkiwa wote.

Mwaka wa kwanza kila mtu ana moyo. Mwaka wa pili mmoja anajenga. Mwaka wa tatu mwingine amepunguzwa kazini. Ada ikikatika, mzee wa miaka 67 anarudi mlangoni kama mgeni: muda wa kusubiri unaanza upya, na presha aliyoipata akiwa ndani ya bima sasa inahesabiwa kuwa ya kabla. Fedha ya miaka miwili imekwenda.

Ada nayo hupanda kadiri umri unavyopanda. Omba jedwali la ada kwa umri, sio ya mwaka huu tu, muone miaka 65 na 70 inasemaje. Kisha mgawane kwa majina na tarehe: nani, kiasi gani, mwezi gani. Mteueni mmoja akusanye. Nyumba nyingi za kwetu zimeshazoea kuchangia msiba kwa mpango kama huu, na kalamu na daftari ni vilevile.

Mzee awepo kikaoni. Nimeona watoto wakipanga sebuleni na mama yuko jikoni, na yeye ndiye pekee anayejua kwamba sindano ya goti aliyochomwa mwaka juzi haikuandikwa popote. Mwiteni: "Mama, njoo ukae, ni mambo yako haya."

*Utajua umefaulu* kama ada ya mwaka wa pili ina mwenyewe kabla ya ya mwaka wa kwanza kulipwa.

## Hatua ya 7: Jaza fomu kwa mkono wako, na usifiche kitu

Hapa nina kidonda changu. Baba yangu alipokuwa na miaka 63 tulimchukulia bima ya kulazwa. Wakala, kijana mchangamfu, alikuja hadi nyumbani, akasema, "Mzee, wewe tia sahihi tu, mengine nitajaza ofisini." Kwenye swali la presha akaweka alama ya hapana. Nadhani alitaka kutusaidia. Baba alikuwa amemeza dawa ya presha miaka minane.

Miezi 14 baadaye akapata kiharusi kidogo. Kampuni ikaomba taarifa za kliniki, ikaziweka pembeni ya fomu, ikakataa kulipa. Sahihi ilikuwa ya Baba. Tuliuza ng'ombe wawili na kukopa kwenye kikundi cha mama. Niliiona ile fomu kwa macho yangu: alama ndogo ya wino wa bluu, haizidi nafasi ya punje ya mchele.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kwenye bima kinamuumbua hata ambaye amefichiwa na mwingine. Kwa hiyo:

- Jaza mwenyewe, au mtoto ajaze huku ukimtajia.
- Weka maboksi ya vidonge mezani na unakili majina: amlodipini, losartani, metformini, yoyote yale.
- Taja kila kulazwa na kila upasuaji, hata wa zamani.
- Usiache nafasi wazi. Palipo hapana, andika hapana kwa herufi.
- Piga picha kila ukurasa baada ya kusaini, kabla fomu haijaondoka nyumbani.

Ukitaja presha huenda ada ikapanda au ikawekewa kikomo. Pokea. Bima yenye kikomo cha milioni 2 kwa presha uliyoitaja inalipa milioni 2. Bima ya milioni 20 kwa presha uliyoificha hailipi kitu.

## Hatua ya 8: Hakiki leseni, kisha lipa kwa kampuni

Mwulize wakala leseni yake na uhakiki kwa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Kampuni na wakala wote wanapaswa kuwa na leseni inayosomeka mwaka huu.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo ya kampuni. Kamwe usilipe kwenye simu ya wakala, hata kama ni mtoto wa jirani. Pokea risiti ya EFD, na usihesabu kuwa una bima hadi uone tarehe ya kuanza kwenye hati. Mzee asipelekwe hospitali kwa maneno ya "nimeshatuma".

Hati ikifika, ilinganishe na jedwali ulilopewa hatua ya 5, mstari kwa mstari. Majina yafanane na ya NIDA herufi kwa herufi. Dirishani, mfumo hausomi "Ndewirwa" na "Ndewerwa" kama mtu mmoja.

## Hatua ya 9: Ijaribu kadi ukiwa mzima

Muda wa kusubiri wa magonjwa ya kawaida ukiisha, peleka kadi kwenye dirisha la bima la hospitali yako ya kwanza. Huumwi, unaomba tu waisome. Kama haisomeki, una muda wa kurekebisha. Nimeona kadi ambayo haikusomeka siku mzee amelala kwenye machela, na ndugu wakachangishana kwenye korido bila ulazima wowote.

Kisha andaa bahasha moja, ikae mahali kila aliye nyumbani anapajua, hata kijana wa kazi. Ndani yake: nakala za kadi zote mbili, orodha ya dawa, namba ya dharura ya kampuni, na karatasi yenye mistari mitatu:

1. Onyesha kadi ya NHIF kwanza.
2. Kama kitu hakilipwi, toa kadi ya pili na uombe idhini kabla ya huduma kutolewa, isipokuwa ni dharura.
3. Ukilipa mfukoni, dai risiti ya EFD na karatasi ya daktari siku hiyohiyo, upige picha zote.

Madai ya kurudishiwa fedha yana siku zake kwenye mkataba. Ziandike nje ya bahasha kwa kalamu nene.

## Ukikwama

*Kampuni imekataa kulipa.* Omba sababu kwa maandishi na kifungu kilichotumika. Peleka malalamiko kwa kampuni kwanza, kwa barua, ukibaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipokuridhisha, nenda TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huduma ya msuluhishi hailipiwi.

*Kampuni zote zimekataa umri.* Rudi hatua ya 3: bima ya fedha taslimu kwa kila usiku uliolazwa, kama umri unaruhusu, na kibubu cha matibabu kinachochangiwa na watoto kila mwezi, chenye watia sahihi wawili. Ulizia pia NHIF kuhusu vifurushi vya mtu binafsi kwa ndugu ambaye hayumo kwenye kadi yako.

*Mwenza ni mdogo na hana bima yoyote.* Anza naye. Umri wake bado unafungua milango, na kila mwaka mnaongoja unaifunga mmoja.

*Tarehe ya kuhuisha inakaribia.* Weka ukumbusho siku 60 kabla, sio wiki moja. Siku hiyo toa kopo la risiti za mwaka, rudia hatua ya 2 peke yake, na upite tena kwenye lile dirisha la bima kuuliza kama kampuni yako bado inapokelewa.